Mkono Wangu Uko Rehani Kibagabaga

Haya yalitokea. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua watu. Utafika katikati ya kisa uanze kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na mimi wanaotabasamu upande mmoja wamenichosha. Ukitaka ya kubuni, yako tele, kayatafute. Haya yalitokea Kabeza, mtaa wa Kigali, dukani kwangu, nikiwa na akili zangu timamu na njaa ya kawaida ya jioni.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilikuwa nimekasirika hata kabla ya mgeni kuingia.

Mimi ni sonara. Wazazi wangu ni Wanyarwanda, lakini nilikulia Mwanza, na huko nilifundishwa kazi na mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la vito. Hakunifundisha pete na mikufu tu. Alinifundisha kuzisoma sarafu za kale: za masultani wa Delhi, za Gujarati, za Misri, za Kilwa. Sarafu hizo zilisafiri na biashara, zikatobolewa zikavaliwa shingoni, zikashonewa ndani ya hirizi, zikarithiwa na watu wasiojua hata upande wa juu ni upi. Niliporudi Kigali nikafungua duka dogo karibu na barabara ya uwanja wa ndege, nikatundika kibao: tunatambua na kukadiria sarafu za kale. Laiti ningejua ninajiitia nini.

Maana watu, jamani! Mtu akiwa na kitu cha kale anaamini ana mamilioni. Namwambia, baba, hii ni shaba ya Gujarati, ni kweli ina karne nyingi, lakini zilitengenezwa nyingi kama mahindi, bei yake ni chakula cha mchana na soda. Ananitazama kana kwamba nimemwibia. Mwingine anaegemeza kidole kwenye mizani ninapopima. Mizani yangu ni ndogo, ya betri, unywele ukiidondokea inahesabu, na yeye anaweka kidole! "Toa mkono kwenye mizani" nimelisema mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Lakini baya kuliko yote ni kusugua. Sarafu ya kale ina utando wake, weusi mtulivu unaoota taratibu kwa miaka mingi. Huo ndio ngozi yake. Mnunuzi anayejua anautafuta huo kwanza. Na watu wangu wanafanya nini? Wanachukua ndimu. Wanachukua majivu. Mmoja alitumia dawa ya meno, akaniambia kwa fahari kwamba ni ile ya kung'arisha.

Sasa ndipo anapoingia Mama Devota.

Mama Devota tunaimba naye kwaya. Ni mjane, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na Kiswahili chake ni cha huko mpaka leo. Marehemu mumewe alimwachia nyumba Gahanga iliyofika kwenye linta ikaishia hapo. Kuta zipo, madirisha yapo kwa maana ya matundu, paa hakuna. Matofali ni ya kuchoma, lakini yaliunganishwa kwa udongo, si saruji, na kila msimu wa mvua maji yalikuwa yanaula ule udongo. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeshaanza kuegemea nje. Fundi alimwambia wazi: mvua hizi zikikuta hakuna bati, ukuta ule unalala chini, na ukilala huo unakokota na wa chumbani. Mama Devota alikuwa anaishi kwa dada yake, kwenye godoro la sebuleni, na dada mwenyewe alishaanza kufunga milango kwa nguvu.

Alikuja dukani mchana mmoja, amefunga kitu kwenye pembe ya kitenge.

"Mukobwa wanje," akaniambia, yaani binti yangu, "nimekuletea kitu ya kuninunulia mabati."

Akafungua. Ilikuwa sarafu nene ya mviringo, yenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na inang'aa kama kijiko kipya. Moyo wangu ulifurahi na kuuma kwa pamoja.

"Mama Devota. Umeifanya nini?"

"Nimeisugua! Jana nzima. Ilikuwa nyeusi, chafu, aibu. Mutu atanunua kitu chafu?"

"Umeisugua na nini?"

"Na ndimu tu. Na vitu vya nyumbani."

Nikafumba macho. Waliosema subira huvuta heri hawakuwahi kufanya kazi na Mama Devota. Lakini nilipoipima ilikuwa na gramu kumi nukta tisa, uzito wenyewe kabisa, na nilipoisoma nikakuta ni tanka, sarafu ya fedha ya Delhi, ya sultani mmoja ambaye hakuwa na haya hata kidogo, maana alijiandika kwenye fedha yake kuwa ni Iskandar wa pili, kana kwamba naye aliiteka dunia. Nyanya wa mumewe, huko huko Buyenzi, aliivaa shingoni miaka yote, akifunga uzi kuizunguka, hakuitoboa, Mungu ambariki. Na nilikuwa namjua mnunuzi: injinia mmoja wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Kampala, anayekaa mtaa wa Kibagabaga na kukusanya sarafu za Delhi tu. Tanka hizo si adimu, nisikudanganye. Lakini injinia hulipa bei ya haki, na bei ya haki ingetosha mabati ya nyumba ndogo na misumari yake.

Basi nikachukua kioo cha kukuzia nikaitazama vizuri, na ndipo nilipoona alama.

Ilikuwa karibu na ukingo: ua dogo la petali nne, limegongwa kwa chuma. Zamani zile mtu hakupokea sarafu hivi hivi. Aliipeleka kwa mpima sarafu sokoni, na yeye akaigonga alama yake. Kwanza, ile alama ni ahadi kwamba ni fedha safi. Pili, ni uchunguzi, maana chuma kikizama kinafunua kilicho chini ya ngozi. Wadanganyifu walikuwa wanachukua shaba na kuivika fedha juu.

Ndani ya lile ua, kwenye kina chake, kulikuwa na wekundu.

Wekundu chini ya fedha ni shaba, na tanka ya shaba iliyovikwa fedha injinia haigusi hata kwa fimbo. Nilimtazama Mama Devota, amekaa kwenye kiti changu cha wateja, ameshika mapaja, anasubiri mabati. Sikuweza. Nikamwambia aniachie, injinia anakuja kesho asubuhi, nitamjulisha.

"Asante, mukobwa wanje. Fundi nimeshamwambia alete ngazi."

Amemwambia fundi alete ngazi! Kabla ya kuuza! Alipotoka nikaipiga meza kwa kiganja, nikaiambia ile sarafu kwa sauti, peke yangu: "Aliyekugonga alama hiyo alikuwa mwongo au kipofu."

Nakuomba ulikumbuke neno hilo. Nililisema mimi, kwa mdomo wangu, kwa hasira tu.

Ilipokaribia saa kumi na mbili jioni mvua ikamwagika. Umeme ukakatika, kama kawaida yake mtu akiwa na haraka. Nikawasha taa ya simu, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Nilipoinua uso, kulikuwa na mzee amesimama mbele ya meza.

Alikuwa mwembamba, amevaa sweta ya mtumba juu ya kanzu ndefu, na shuka begani iliyofunika mkono wake wa kulia wote. Alinisalimia kwa Kiswahili cha Ujiji, kile cha polepole cha wazee, akaninyooshea mkono wa kushoto. Wa kushoto! Nimelelewa na mama aliyekuwa akikupokonya kijiko ukishika kwa kushoto. Niliupokea shingo upande, na kwa sababu ya kuudhika sikuhisi chochote cha ajabu.

"Kuna sarafu ya mama imeingia hapa," akasema.

Nikajua: Mama Devota amelitangaza jambo hili basi zima. "Nimefunga, mzee wangu. Njoo kesho."

"Kesho utakuwa umeshasema."

"Nimeshasema nini?"

"Kwamba ni shaba."

Hapo ungekuwa wewe ungeshtuka, sivyo? Sikuwa nimemwambia mtu. Mimi nilifikiri nini? Nilifikiri ni tapeli. Wapo, wanaokuja na sarafu ya bandia kwenye mkono mmoja, wanaomba kuitazama yako, wanakurudishia ile nyingine. Nikaapa huyu hatabadilisha kitu chini ya pua yangu. Nikaiweka tanka kwenye mizani, nikamulika kwa simu, nikamwambia itazame hapo hapo, uzito ni huo, usiku mwema.

Akaweka mkono wake wa kushoto kwenye sahani ya mizani. Si kidole, mkono mzima, umelala juu ya sarafu.

"Toa mkono kwenye mizani!" nikafoka. Kwa kweli nilifoka. Siku nzima ilitoka na sauti ile.

Hakuutoa. Akaniambia kwa upole, "Soma."

Nikasoma. Gramu kumi nukta tisa.

Niliona mizani imekufa. Nikaigonga. Nikabonyeza ukingo wa sahani kwa kidole changu mwenyewe, namba zikapanda mbio. Nikaondoa kidole, zikarudi: kumi nukta tisa. Na mkono wake bado upo pale, naona kucha, naona mishipa. Nikachukua kioo cha kukuzia, sijui kwa nini, labda mazoea ya kazi, nikamtazama kupitia kioo. Kwenye kioo kulikuwa na sarafu na sahani ya chuma. Mkono haukuwepo. Nikatoa kioo, upo. Nikarudisha, haupo.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nilijua utauliza. Kwanza yeye alikuwa upande wa mlango. Pili, sarafu haikuwa yangu. Ningekimbia nikirudi nisiikute, ningemwambia nini Mama Devota, kwamba imechukuliwa na mzimu? Angenisamehe kwa mdomo, na ukuta wa jikoni ungeanguka vile vile. Tatu, na hili nalisema kweli, nilikuwa nimechoka mno kuogopa. Kichwa changu kilikuwa kinasema: hata wafu sasa wanakuja kubishana nami juu ya makadirio?

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Ile alama ni yangu," akasema. "Umeniita mwongo au kipofu. Nimeitwa hivyo mara moja kabla. Sikuja kugombana. Nataka uipime."

Na usiniulize mtu wa Delhi alijuaje Kiswahili. Nimejiuliza hilo nimechoka. Ninachokisia ni kwamba alitembea na sarafu yake: ikavuka bahari, ikaingia bara na misafara, ikapita Ujiji, ikaishia Buyenzi kwenye shingo ya bibi. Mtu mwenye miaka yote hiyo na asiyekuwa na kazi nyingine atashindwa kujifunza lugha?

Akanieleza kwa maneno machache. Aliipima, akaigonga ua lake. Baadaye mtu mwingine akaonyesha wekundu ndani ya ua, akasema ni shaba. Wakubwa wa soko wakatazama kwa macho, wakaona wekundu, ikatosha. Hakuna aliyeipima kwa maji. Akafunua shuka. Mkono wa kulia uliishia kwenye kifundo cha mkono, laini, kama goti lililopona zamani.

"Kulikuwa na wekundu kweli," akasema. "Udongo wa soko. Ulikauka ndani. Leo kuna wekundu tena. Leo sijui ni nini. Wewe ndiye mpimaji. Umepima?"

Ee Mungu wangu, jinsi nilivyokasirika. Kwa sababu sikuwa nimepima. Nilikuwa nimetazama tu, kama wale wa sokoni. Nikachukua sindano, nikaweka karatasi nyeupe, nikaanza kuchokoa ndani ya ua chini ya kioo. Wekundu ukatoka. Shaba haitoki, shaba ni mwili wenyewe. Hii ilidondoka kwenye karatasi ikiwa unga. Nikausaga kwa vidole, mkavu, wenye chembechembe. Nikajua kabla hata sijataka kujua.

Nikapiga simu pale pale, mzimu ananitazama.

"Mama Devota, uliisugua na nini?"

"Na ndimu, nimekuambia."

"Na nini kingine?"

"Ah, na ka-tofali kidogo. Yale yaliyobaki kwa nyumba. Niliponda. Tofali inatoa masizi ya sufuria, itashindwa na hii? Kwani injinia amefika? Uko unaongea na nani?"

Nikakata simu. Tofali! Mwanamke amechukua ukuta wake mwenyewe, akausaga, akaupaka kwenye paa lake, na nusura avipoteze vyote viwili! Nilikuwa karibu kucheka, karibu kulia. Yule mzee hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema tu, "Sasa kwa maji."

Kupima kwa maji ni kazi ya kero, hasa gizani. Unaweka kikombe cha maji kwenye mizani, unairudisha kwenye sifuri, unaifunga sarafu kwa uzi, unaizamisha bila kugusa chini wala ukingo, na mkono wako usitikisike. Mizani inakuonyesha maji yaliyosukumwa. Kisha unagawa uzito wa sarafu kwa uzito wa maji hayo. Fedha safi ina uzito wa maji mara kumi na kitu. Shaba haifiki tisa. Taa ya simu niliiegemeza kwenye boksi la pete, uzi nikaushika kwa meno na vidole, mvua inapiga, na mzee asiye na uzito ameinama kando yangu, hapumui. Nilirudia mara kadhaa ili nisijidanganye. Kila mara jibu lilikuwa lile lile.

"Ni fedha," nikasema. "Safi mpaka ndani. Ulisema kweli, mzee."

Nilidhani atalia, nikaomba asilie, kwa sababu nisingejua pa kumshika.

"Kwetu hukumu haisemwi kwa mdomo," akasema. "Husemwa kwa vidole, chini ya kitambaa. Na mpimaji huweka mkono wake rehani kwa neno lake. Mimi niliuweka wangu. Je, unauweka wako?"

Sasa hapa ndipo ninapokuomba unisikilize. Mtu mwenye busara angeuliza: rehani mpaka lini? Kwa masharti gani? Mimi huwaambia wateja wasikubali bei kabla ya kuuliza. Lakini giza lilikuwa limeingia, nilikuwa na njaa, Mama Devota alikuwa anapiga simu tena na tena, na sarafu ilikuwa kweli ni fedha, nilikuwa na uhakika kuliko ninavyojua umri wangu. Nikasema, "Nauweka, baba, nauweka, ili twende majumbani!"

Akatandaza shuka katikati yetu. Nikaingiza mkono wangu wa kulia.

Nilikuta kifundo tu. Akaniambia nibonyeze kidole kwa kidole, mara tano, na tano nyingine: kumi kwa kumi, fedha yote. Nikabonyeza pale ambapo kidole gumba kingekuwa. Hewa. Nikabonyeza cha pili, cha tatu, vyote vitano, hewa tupu, nikajiona mjinga. Nikaanza tano za pili. Nilipobonyeza gumba, gumba likanibonyeza nami. Nikabonyeza cha shahada, cha shahada kikajibu. Kimoja kimoja, mpaka kidole cha mwisho, kikiwa kizito na cha moto. Mkono mzima wa mwanamume ukanikamata barabara chini ya shuka, kisha ukaniachia.

Akauvuta nje akautazama. Akaufumba, akaufumbua. Kisha akasogeza kikombe pembeni, akauweka kwenye mizani kama mtoto anayejaribu kitu kipya, na namba zikapanda zikapanda mpaka mizani ikakataa kuhesabu. Hapo ndipo alipolia.

Alipomaliza aliichukua tanka, akanipa. Kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyelelewa vizuri. Nami nikapokea kwa wa kulia. Akaaga, akatoka kwenye mvua, na umeme ukarudi.

Nikatazama kiganja changu. Sarafu ilikuwa juu yake, na sikuhisi uzito wake. Nikaihamishia mkono wa kushoto, nikaihisi. Nikairudisha kulia: hakuna. Nikauweka mkono wangu wa kulia kwenye mizani, mzima, nikaegemea kwa nguvu. Sifuri.

Jirani yangu wa saluni aliniuliza kesho yake nilikuwa nafokeana na nani jioni. Alisikia sauti yangu peke yake, lakini hakushangaa, anasema mimi huzifokea sarafu kila siku.

Injinia alikuja asubuhi. Alilalamikia kusuguliwa, na alikuwa na haki, akapunguza kidogo, akapima kwa maji mwenyewe, akanunua. Mama Devota akapata mabati. Fundi alikuwa kweli ameshaleta ngazi. Ukuta wa jikoni umenyooshwa, na mvua kubwa zikianza hunipigia simu ili tu nisikie bati linavyopiga. Halafu, kabla hatujaagana, husema, "Lakini kitu ya sultani mukobwa wanje, mabati tu? Hukuniuzia rahisi?" Haki ya Mungu, ipo siku nitamjibu.

Mkono wangu haujarudi. Nisemeje? Upo, unafanya kazi, unashika kalamu, unapika ugali. Lakini hauna uzito na hauhisi uzito. Daktari alinipandisha kwenye mizani ya watu, akaona kilo zangu ziko palepale, akanishauri nilale mapema. Padre aliniombea, nikashukuru, nikaenda moja kwa moja dukani kuujaribu: sifuri. Sasa nazipokea sarafu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia hauniambii kitu, na wateja wananisonya. Juzi bibi mmoja wa Kabeza aliniuliza kama sikulelewa na mama. Na wateja wote sasa nawaambia wabonyeze mizani kwanza, nione kama wana uzito, kabla hatujasalimiana. Wanadhani ni wazimu. Wabonyeze tu.

Lakini hilo si lililonifanya nikusimulie. Miezi michache iliyopita nilikuwa nakaanga vitunguu, mara mkono ule ukafa ganzi mpaka kwenye kifundo, ukawa baridi, na nilipoutazama kupitia kioo changu cha kazi, vidole vilikuwa vimefifia. Nikampigia injinia nikipiga kelele, "Nani amesema ni shaba?" Akashangaa. Alikuwa na mgeni sebuleni kwake, mkusanyaji mwenzake, ameishika tanka ile wakati huo huo na anaitilia shaka. Nikamwambia ampe maji, uzi na mizani, sasa hivi, nami nasubiri kwenye simu. Walipima. Mgeni akakubali. Vidole vikarudi kimoja kimoja, kuanzia gumba.

Unaelewa sasa? Rehani hukombolewa na aliyeiweka, akilipa deni lake. Mimi deni langu ni neno, na neno lile litadaiwa kila sarafu ile inapobadilisha mikono. Leo iko Kibagabaga. Injinia atazeeka, watoto wake watauza vitu vyake, hawatajua.

Kwa hiyo ukikutana na tanka ya Delhi, gramu kumi nukta tisa, yenye ua la petali nne karibu na ukingo, ukaona wekundu ndani ya ua, usiseme neno. Chukua sindano. Chukua maji. Pima kwanza. Na kama bado ina utando wake mweusi, maana utaota tena siku moja, nakuomba kwa heshima zote zilizobaki kwangu: usiisugue.